Mstari Uliokatwa

Mpendwa, Jumamosi iliyopita tulisali jumuiya nyumbani kwa mama mmoja wa parokia yetu. Sala ilipokwisha wenzake waliondoka kuwahi sokoni, mimi nikabakizwa kwa chai na vitumbua. Mama akaingia ndani, akatoka na bahasha ya zaka ya mwaka jana, akaigeuza upande wa nyuma. Ilikuwa imejaa mwandiko.

"Baba Paroko," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hivi ni dhambi mtu mzima kuomba zawadi?"

Binti yake anafanya kazi Dar es Salaam. Alipiga simu akasema Noeli hii hataki kubahatisha: mama aandike anachotaka, watoto wagawane kununua. Mama alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo. Alikaa na kalamu siku tatu.

Nilimwambia si dhambi. Bartimayo alipopaza sauti kando ya njia pale Yeriko, kila mtu alijua kwamba haoni, na bado Yesu alimuuliza anataka afanyiwe nini. Alitaka kulisikia kutoka kinywani mwake. Wazee wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Naona kuomba nako ni moyo, hasa kwa mama aliyezoea kupakua wa mwisho na kuwaambia wanawe kwamba yeye hupenda shingo ya kuku. Je, mama wa kwetu aliipenda kweli ile shingo?

Basi tukaisoma orodha pamoja. Rozari ilikuwa ya kwanza. Yake ilikatika kwenye tendo la tatu, akaiunga kwa uzi wa gunia, lakini punje mbili zilishapotea. Akifika hapo huhesabu kwa vidole. Kilifuata kitenge kipya cha WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania, kwa kuwa alichoshona mwaka 2022, chama kilipotimiza miaka 50, kimepauka mabegani kwa jua na kwa kubeba wajukuu.

Cha tatu kilikuwa miwani ya kusomea, na hapo nikaweka kikombe chini. Kwa muda mrefu zamu yake ya kusoma Neno ikifika, mama huyu husema, "Asome mwingine, leo mimi nasikiliza." Nami kila mara nilimsifu moyoni kwa unyenyekevu wake. Kumbe maandishi hayaoni! Mchungaji anaweza kuketi na kondoo wake kila juma, akamsifu kwa fadhila asiyokuwa nayo, na shida aliyo nayo ikampita.

Kisha aliandika sanamu za pangoni, "hata ndogo, wajukuu wazishike." Nilimsimulia Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye Noeli ya mwaka 1223 kule Greccio aliandaa hori lenye nyasi, ng'ombe na punda, watu wa kijiji wakaja usiku na mienge yao. Alitaka waone kwa macho jinsi Mtoto alivyozaliwa katika uhaba. Mama akacheka: nyasi, ng'ombe na punda hapa kijijini vipo, kinachokosekana ni sanamu tu. Chini yake kulikuwa na nia ya Misa kwa ajili ya marehemu mama yake mzazi, zawadi ambayo hakuna duka la Kariakoo linaloiuza.

Mstari wa mwisho ulikuwa umekatwa kwa kalamu mara mbili, lakini ulisomeka: "Mkubwa ampigie baba yake."

Sikuuliza sana, maana kijijini hayo yanajulikana. Ni maneno ya shamba. Kijana aliondoka na hasira, baba akabaki na yake, na sasa salamu zao zinapitia kwa mama kama barua inayopita posta. Mzee mwenyewe alikuwa uani anasokota kamba ya mbuzi. Dirisha lilikuwa wazi.

"Kwa nini umeukata, mama?"

"Nimeona hiyo si zawadi, Baba. Hiyo ni kuwasumbua."

Mpendwa, neno hilo nimelibeba juma zima. Limenikumbusha mama yangu. Nilipoanza utume nilimpelekea saa ya ukutani, nzuri, yenye picha ya Familia Takatifu. Aliitundika sebuleni, akashukuru sana. Miaka baadaye nikagundua betri ilikwisha zamani na hakujali kuibadilisha. Muda aliujua kwa kengele ya kanisa. Lakini kila nilipochukua funguo ili niondoke, aliniuliza, "Hutakaa kidogo?" Nilidhani ni adabu ya kuagana tu. Nilimjibu kwa upole na nikaenda zangu, kila mara. Yeye aliomba kwa sauti, tena mbele yangu, na sikusikia kwamba ni ombi.

Tarehe 6 Desemba tutamkumbuka Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Mira. Mapokeo yanasimulia juu ya baba aliyefilisika, akakosa mahari ya kuwaoza binti zake watatu, maana kwao mahari ilitoka upande wa bibi arusi. Nikolasi alirusha mfuko wa dhahabu dirishani usiku, ili mzee yule asione aibu ya kupokea mbele za watu. Wengi huvutiwa na dhahabu. Mimi navutiwa na hili: mtu alijua shida iliyo nyuma ya mlango uliofungwa, na akalinda heshima ya mwenye shida.

Nyumbani kwako, ni nani anayeomba kwa sauti ya kuaga? Na wewe, ni ombi gani uliliandika moyoni kisha ukalikata usije ukasumbua? Hayati Papa Fransisko alizikumbusha familia mara nyingi, na tena katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, maneno matatu: naomba, asante, samahani. La tatu ndilo zito, hasa kwa baba mbele ya mwanawe. Halihitaji hotuba. Linaweza kuanza na simu ya kuulizia mvua.

Kabla sijaondoka, mama aliniomba niipige picha ile bahasha, maana simu yake haina kamera, kisha nimtumie binti kwa WhatsApp. Nikaiweka mezani kwenye mwanga, nikapiga, nikamwonyesha. Akaivuta simu mbali na macho, akakunja uso.

"Ule uliokatwa unaonekana?"

"Unaonekana, mama. Nipige tena, niuache nje?"

Alinyamaza. Kule uani mkono uliokuwa ukisokota kamba nao ulikuwa umetulia. Mama akatazama dirishani, kisha akanirudishia simu.

"Itume hivyo hivyo, Baba."