Mbwa Hajui Mpaka wa Wadi

Watu wa Diani, mnajua kuokoa wanyama. Mbega walipokuwa wakigongwa na magari kwenye barabara ya ufukweni, hamkukaa kulia. Mwaka 1997 likaanzishwa shirika la kuwalinda, na leo madaraja ya ngazi yananing'inia juu ya lami, mbega wanavuka salama. Moyo ule ule sasa unaitwa na mbwa koko wanaolala jaani Ukunda, na paka wanaongojea matumbo ya samaki pale wavuvi wanaposhusha.

Wenye huruma wapo tayari. Huyu ana kituo kidogo nyuma ya nyumba, yule anapikia mbwa wa mtaa mzima, daktari wa mifugo anatibu kwa bei ya dawa tu. Nawapa heshima zangu zote. Lakini kila mmoja akihangaika kivyake, kazi haitaisha. Paka mmoja hubeba mimba miezi miwili tu; unapomhasi dume wako Diani, majike wa jirani washazaa.

Kichaa cha mbwa ndicho kinachotubana zaidi. Kukizima, wataalamu wanataka mbwa 70 katika kila 100 wa eneo wawe wamechanjwa. Mkichanja wachache Tiwi, wachache Gazi na wachache Msambweni, hakuna kijiji kilichokingika, na pesa zimekwisha. Mkiungana mkamaliza Gazi nzima, nyumba kwa nyumba, kisha mkahamia Msambweni hadi Lunga Lunga, ugonjwa unakosa pa kupita. Kenya imejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo 2030. Mwaka huo hautungojei!

Wapo wanaosema dawa ni kuwatilia sumu mbwa koko. Jaa likibaki wazi, wengine watakuja kula pale pale, tena hawana chanjo. Na anayeona dini inamzuia, akumbuke kisa tulichofunzwa chuoni: mtu aliteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Najisi ya mate ya mbwa ina taratibu zake za kutwaharisha. Huruma haikukatazwa popote.

Basi tuanze. Wenye vituo, wekeni daftari moja: nani ana nafasi ya kulaza mnyama, nani ana friji ya chanjo, nani ana gari. Wenye hoteli, mnaolisha paka msimu wa wageni, lipieni wahasiwe kabla wageni hawajaondoka. Machifu, tupeni nafasi barazani. Vijana wa bodaboda, nyinyi mnajua kila kichochoro, tuongozeni. Walimu, wafundisheni watoto kwamba aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tarehe 28 Septemba dunia nzima huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa. Mwaka huu tusifanye vikao vitatu katika miji mitatu. Tukutane Gazi, alfajiri, kila mtu na mbwa wake na kamba.