Uzito wa Gurudumu na Haki ya Abiria

Kilo ni kilo, husema muuza duka, na kwa mizani yake asema kweli. Lakini kwenye pikipiki, kilo iliyofungwa juu ya keria na kilo iliyo ndani ya tairi ni mizigo miwili tofauti. Tofauti hiyo imenifikirisha sana juu ya haki, tangu bodaboda zilipokuwa miguu yetu sisi tukaao Same na kupanda milima ya Upare.

Tulitazame jambo lenyewe. Mzigo wa keria husogea mbele tu. Tairi husogea mbele na papo hapo huzunguka. Kwa hiyo kila kilo iliyo ukingoni mwa gurudumu huidai injini nguvu karibu maradufu wakati wa kuongeza mwendo, na huidai breki vivyo hivyo wakati wa kusimama. Gurudumu zito likizunguka kwa kasi hukataa kulazwa upesi kwenye kona. Isitoshe, mzigo wa keria umekaa juu ya shokapu, ila gurudumu liko chini yake. Likigonga jiwe huruka, na likiwa zito huwa vigumu kwa shokapu kulirudisha ardhini. Na tairi lisilogusa ardhi halina breki wala usukani.

Sisemi kwamba uzito ni uovu. Tairi nene huvumilia miba ya tambarare na mawe makali, na kwenye lami iliyonyooka gurudumu zito hutulia. Lakini njia za kwenda Mbaga au Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, ni kona na miteremko.

Hapo ndipo lilipo swali langu. Pikipiki nyingi si za wanaoziendesha. Mwenye mali hukaa mjini akingoja hesabu ya siku; yeye hununua tairi, na si kosa kutaka lile litakalodumu. Kijana huliendesha, naye husikia uzito wake mikononi kila kona. Abiria, pengine mama mjamzito ateremkaye kwenda kliniki, hajui lolote wala haulizwi. Mmoja huchagua, wa pili hubeba, wa tatu huhatarishwa.

Msomaji atasema kwamba abiria amepanda kwa hiari yake. Nakubali, ila hiari hukomea pale macho yanapokomea. Akiona mishikaki, aweza kukataa. Akiona gunia la tangawizi ya Mamba limefungwa ovyo, aweza kungoja pikipiki nyingine. Uzito wa tairi hauoni, na mtu hawezi kukubali asichokijua.

Najua pia kwamba fedha ni haba, na mwenye mali naye ana watoto wa kusomesha. Lakini uhaba wa fedha haumzuii kumwuliza kijana: "Inakwendaje kwenye kona?" Wala haumzuii kijana kupunguza mwendo, ajuapo alichopewa.

Nionavyo mimi, aliyeweka mzigo mahali pasipoonekana hudaiwa zaidi kuliko aliyeuweka wazi, hata ukiwa mdogo. Askari wa barabarani aweza kuhesabu abiria na kutazama kofia ngumu. Uzito wa gurudumu umeachiwa dhamiri ya mnunuzi. Basi anunuaye tairi na apande nalo mlimani walau mara moja, akiwa amekaa nyuma. Akishuka akasema lafaa, tutamwamini.