Kuijua Nasaba

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya watu wa biashara, lakini yafaa kusemwa juu ya jamaa vile vile. Ukoo usioandikwa wala kusimuliwa hupotea kidogo kidogo. Watoto wake hubaki na jina la baba, pengine na la babu, na nyuma ya hapo ni giza tupu. Nataka tufikiri pamoja, wanafunzi wasomaji, juu ya maswali mawili. Je, ni wajibu wa mtu kuijua nasaba yake? Na kama ni wajibu, je, ni haki kumkatalia mtu nchi yake kwa kuwa hawezi kuithibitisha nasaba hiyo kwa karatasi?

Ziko nchi ambazo daftari la namna hii lilitunzwa tangu kale. Katika Uskoti, parokia za mashamba zilikuwa na vitabu ambamo karani wa kanisa aliandika watoto waliobatizwa, watu waliotangaziwa ndoa, na pengine waliozikwa. Kitabu cha kale kuliko vyote vilivyosalia ni cha parokia ya Errol, nacho kilianza mwaka 1553. Tangu mwaka 1855 serikali yenyewe ndiyo inayoandikisha vizazi, ndoa na vifo. Vitabu vile vya zamani vina mapengo mengi. Hata hivyo, mjukuu wa mkulima maskini aliyehamia Kanada au Australia aweza leo kurudi, akafunua kurasa, akaliona jina la babu wa babu yake. Mkulima yule hakuwa na cheo wala mali. Alikuwa na bahati moja tu: aliandikwa.

Kwetu Kenya daftari kuu lilikuwa kinywa cha wazee. Serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaandika wanaume wa Kiafrika, haikufanya hivyo kwa kuwatakia ukumbusho. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume alikivaa kipande shingoni ndani ya kikebe cha chuma, kikiwa na alama za vidole vyake na habari za kazi yake, ili akimtoroka tajiri apate kukamatwa. Na uandikishaji wa vizazi vya watu wote kwa sheria haukuenea nchi nzima mpaka mwaka 1971. Kwa hiyo wako wazee wengi waliozaliwa bila karatasi. Hawakukataa kuandikwa, hakuwako mwenye kuwaandika.

Sasa tuangalie sehemu mbili za mji wa Nairobi zisizo mbali sana, Kawangware na Kibera, tuone jinsi swali moja linavyoweza kuwa jepesi kwa mmoja na zito kwa mwingine.

Kawangware iko upande wa Dagoretti. Wakikuyu wenye asili ya huko huhesabu ukoo kwa mbari, yaani wazao wa mtu mmoja aliyelipata shamba la kwanza. Desturi yao ya majina nayo ni daftari la namna yake. Mtoto wa kiume wa kwanza huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na wa pili kwa jina la babu mzaa mama, hata majina ya wazee yakarudi nyumbani kizazi baada ya kizazi. Kando yao, katika vyumba vya kupanga, wanaishi watu waliotoka pande nyingi za nchi, hasa magharibi. Waulize, “Kwenu ni wapi?” Watakutajia kijiji, na mto, na mahali lilipo kaburi la babu. Maskini miongoni mwao wanaweza kukosa kodi ya mwezi, lakini jibu la swali hilo hawalikosi.

Twende Kibera. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, Kibra, maana yake msitu. Wanubi wa Kibera ni wazao wa askari waliotoka Sudani. Wengi wa askari wale wa kwanza walichukuliwa kwao wangali vijana, wakatoka katika makabila mbalimbali, wengine kwa njia ya utumwa. Kilichowaunganisha ni jeshi, dini ya Kiislamu, na lugha iliyozaliwa kambini. Vita vya Mahdi vilipowatenga na Misri, walibaki na gavana wao Emin Pasha kusini mwa Sudani. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua mamia yao kuwa askari wa kampuni ya Waingereza katika Uganda. Baadaye wengi waliingia jeshi la King’s African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Tangu yapata mwaka 1904 askari waliomaliza kazi waliruhusiwa kukaa Kibera na jamaa zao, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 lilitangazwa rasmi kuwa la jeshi. Walijenga, walilima, walizaa, walizikana. Lakini hawakupewa hati za kumiliki ardhi.

Mtoto wa Kinubi akiifuata nasaba yake kwenda nyuma, hufika kwenye kikosi cha askari, na hapo njia hukatika. Jeshi ndilo lililokuwa parokia yao. Kijiji cha babu wa babu huenda hakijulikani, kwa kuwa yeye mwenyewe alitolewa huko mtoto. Kwa miaka mingi baada ya Uhuru wa mwaka 1963, kijana wa Kinubi aliyetimiza miaka 18 alipokwenda kuomba kitambulisho, aliitwa mbele ya kamati ya kumhoji, akatakiwa kuleta karatasi za wazazi, na hata za babu na bibi. Wenzake wa makabila mengi hawakuulizwa hayo. Na bila kitambulisho mtu hapigi kura, hafungui akaunti ya benki, wala hapati kazi ya maana. Shauri hilo lilipelekwa mbele ya kamati ya wataalamu ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto, nayo mwezi Machi mwaka 2011 iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi. Mwaka 2017 jamii hiyo ilikabidhiwa hati ya ekari 288 za Kibera.

Msomaji mmoja atasema, “Serikali haina budi kujilinda na wageni wenye hila.” Neno hilo ni la kweli. Nyumba isiyo na mlango si nyumba. Lakini mlango wa haki una kipimo kimoja kwa wote. Ushahidi unaotakiwa kwa mmoja na utakiwe kwa wote. Na karatasi ambayo serikali yenyewe haikumpa babu isitafutwe mkononi mwa mjukuu. Tena, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba mtoto aliyeokotwa nchini, anayeonekana kuwa chini ya miaka minane, na ambaye wazazi wake na uraia wake havijulikani, atahesabiwa kuwa raia wa kuzaliwa. Tafakari maana yake. Sheria inampokea yule asiye na nasaba kabisa. Basi itakuwaje akataliwe yule ambaye bibi yake amezikwa hapa, na mama yake alizaliwa hapa?

Je, kwa sababu hiyo tuseme nasaba haina maana, tuitupe? Hasha. Kuitumia nasaba kufungia watu mlango ni vibaya. Kuijua ni vyema, kwa sababu tatu. Ya kwanza ni shukrani: tuliyonayo yalitafutwa na watu walioona njaa na nzige na vita kabla yetu. Ya pili ni unyenyekevu. Wahenga walisema, moto huzaa jivu. Mtu mkuu aweza kuzaa mtu duni, na sifa za babu hazimkai mjukuu asiyetenda mema. Ya tatu ni kweli. Anayefukua ukoo wake hapati mashujaa watupu. Atamkuta mtumwa, mkimbizi, mdhalimu, au askari aliyemtumikia mkoloni. Wa namna hiyo wamo katika makabila yote. Mjukuu hana hatia kwa tendo la babu, wala hana haki ya kulificha.

Kwa hiyo nakushauri, kijana, uchukue daftari leo. Uandike majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, usiusahau upande wa mama, kwa maana huo ndio upoteao upesi. Kama mwaka wa kuzaliwa haujulikani, uliza ni njaa gani, ni rika gani, ni vita gani. Weka mbali uliyoambiwa na aliyeona kwa macho, na uliyoyasikia kwa uvumi. Soma majina makaburini. Fanya haraka, maana mzee akifa hatuwezi kumwuliza tena.

Na utakapomaliza, umpe mwenzako nafasi ya kusimulia yake. Ikiwa daftari lako lina kurasa kumi na lake lina moja, usidhani nchi ni yako mara kumi. Nasaba hutueleza njia tulizopita mpaka tukakutana hapa. Haki ya kukaa hapa tumeishika sote kwa kipimo kimoja.