Nasaha kwa Msimamizi Mpya wa Saiti

Mwanangu uliyekabidhiwa mradi, ratiba na bajeti utavisoma kwenye karatasi, lakini watu waliomo ndani ya uzio ule wa mabati hakuna karatasi inayokueleza walivyo. Yumo fundi nondo, yumo seremala anayefunga mbao za zege, wamo waashi na vibarua wao, mtunza stoo, mkadiria majenzi anayekuja kupima kazi, na fomeni aliye makamo ya baba yako. Nimesimamia majengo Dar es Salaam na Dodoma, na nimeona desturi moja mbaya ikizidi kuota mizizi. Wasimamizi vijana wanawagawa watu mafungu mawili, wachapakazi na wavivu, kisha wanafunga daftari. Jambo hili linaniudhi, na ndilo lililonifanya niandike.

Anza na salamu. Fomeni mwenye mvi huamkiwa shikamoo hata kama wewe ndiye unayesaini malipo yake. Hilo halina mjadala.

Sasa tumzungumzie mtu mkimya, maana hapo ndipo wengi wenu mnapoharibu. Katika kila mradi yupo asiyesema kitu kwenye kikao cha asubuhi, na mara nyingi nimemkuta ni fundi nondo. Kazi yake ni hesabu tupu: nafasi kati ya nondo na nondo, urefu wa kupishana pale zinapoungwa, vile vipande vya zege tunavyoviita biskuti, vya kuziinua zisilale juu ya mbao. Mtu wa hesabu hafungui kinywa mpaka amalize kuhesabu. Wewe unauliza mbele ya kundi zima, "Kuna tatizo lolote?" na kabla hajavuta pumzi umeshasema, "Haya, twende kazi." Kimya chake unakiandika kuwa ni ridhaa. Kesho yake gari la zege limeingia, pampu inanguruma, na kumbe upande wa baraza biskuti ziliisha jana jioni, nondo zimelala chini. Zege likishamwagwa limemwagwa. Nondo isiyofunikwa vizuri na zege itashika kutu, na katika miji ya pwani, penye hewa ya chumvi, kutu haina subira: nondo inavimba, zege linapasuka, na vipande vya dari vinaanza kumwangukia mpangaji ambaye hata kuzaliwa hakuwa amezaliwa siku ya kikao chako.

Marehemu mama yangu alipenda kusema kimya kingi kina mshindo mkuu. Yeye aliyasema maneno hayo kwa mambo ya nyumbani. Saiti yana uzito zaidi.

Kwa hiyo mfuate mkimya huyo pale pale anapofanyia kazi, siku moja kabla ya kumwaga zege, isiwe asubuhi ile ile. Usimuulize kama kuna tatizo. Mwambie, "Fundi, nionyeshe sehemu inayokusumbua." Hapo umekwisha kubali kwamba ipo, naye hataonekana mlalamishi akiitaja. Kisha ngoja. Simu ibaki mfukoni. Atakupeleka kwenye kona ambayo wewe umeipita wiki nzima bila kuiona. Akishakuonyesha, irekebishe siku hiyo hiyo, au mweleze sababu ya kutoirekebisha, kwa kuwa mtu wa namna hii akipuuzwa mara moja, hutamsikia tena mpaka mradi uishe.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Kisutu, Dar es Salaam, liliporomoka, watu zaidi ya 30 wakafa. Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, tukazika tena. Sababu za maafa hayo ni kazi ya wachunguzi, siwezi kuwasemea. Lakini hakuna msimamizi wa mji huu asiyeijua mitaa ile, na bado namsikia kijana akimwambia fundi, "Wewe fanya, usifikiri." Mkome kabisa! Fundi aliyekatazwa kufikiri ataona ufa na kuupaka lipu.

Turudi kwa watu wako. Mwenye maneno mengi mpe kazi ya kuwapokea wageni na wakaguzi.

Mwenye pupa ni mtu mwema, na ndiye atakayekutia hasara. Huyu ndiye anayeongeza ndoo ya maji kwenye zege ili lilainike na kusambaa upesi, kwa sababu moyo wake hautulii mpaka kazi iishe. Maji yakizidi, nguvu ya zege inapungua, na vipande vya majaribio vitakavyovunjwa maabara siku ya 28 vitakuumbua mbele ya mteja. Usimzime. Mpe kazi ambazo haraka yake ni faida: kupakua matofali, kusafisha eneo, kupanga vifaa vya kesho. Siku ya zege mweke bega kwa bega na mtu mpole, na bomba la maji alishike yule mpole. Watagombana. Wakigombania kazi waache, wakianza kutukanana ingilia.

Kuna pia mbishi, anayepinga kila mchoro. Kabla hujamwita mkaidi, kaa chini na michoro yako. Ni mara ngapi mchoro wa msanifu unaonyesha dirisha mahali ambapo mchoro wa mhandisi umeweka nguzo? Anayeliona hilo mapema ni mbishi, kwa sababu wengine wote wanaogopa kuonekana wabishi. Mpe michoro siku kadhaa kabla, abishe mezani akiwa na kikombe cha chai, asibishe akiwa juu ya jukwaa la mirunda. Uamuzi ukishatoka, atii. Akiendelea baada ya hapo mkanye bila kumung'unya maneno, maana sasa anashindana na wewe.

Siku hizi mnakuja na madodoso ya kupima tabia. Linalojulikana zaidi ni la Myers-Briggs, walilolitunga Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers huko Marekani, wakiegemea kitabu cha Carl Jung cha mwaka 1921. Linawapanga wanadamu mafungu 16, kila fungu na herufi zake nne. Wengi wakijibu tena baada ya wiki chache hujikuta katika fungu jingine, na hata wanaolitoa wanasema lisitumike kuajiri. Katika mradi mmoja niliona herufi hizo zimebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kontena, jina la kila mtu na fungu lake. Mkadiria majenzi mmoja akawa haitwi tena kwenye vikao vya mteja, eti karatasi imesema si mtu wa watu. Ndiye aliyekuwa akizijua bei za nondo kuliko sote. Nililipinga jambo lile na ningelipinga leo. Kumjua mtu ni kazi ya miezi, na hufanywa kwa macho na masikio.

Tena msichanganye tabia na hali. Mshahara ukichelewa, kila mtu ana hasira. Fundi aliyefunga Ramadhani akinyamaza saa tisa mchana juani, mpangie kazi nzito asubuhi, usimwite mwenye kiburi. Aliyetoka kuzika, mpe pole kwanza. Na mhandisi mwanamke akisimamia haki ya kazi yake, msiseme ana ukali. Mwanamume akifanya vile vile mnamsifu.

Nimebakiza linalonichoma kuliko yote, yaani kumwaibisha mtu mzima. Zamani ilikuwa kumkaripia mwashi mbele ya saidia fundi wake na mama lishe aliyeleta wali. Siku hizi ni picha ya ukuta uliopinda, jina la mwashi chini yake, saa nne usiku, kwenye kundi la WhatsApp alimo mteja. Hebu fikiri unapata nini. Mwenye moto atakujibu pale pale, na mteja atasoma matusi. Mwenye haya atazima simu na kesho hatakuja. Mcheshi atatia utani, wote watacheka, ukuta utabaki umepinda. Kosa la mtu lipeleke kwa mtu, asubuhi, ukutani kwenyewe, mkiwa wawili na timazi. Picha weka kwenye faili la mradi bila jina.

Sifa nazo zina watu wake. Kuna wa kupongezwa kikaoni, na kuna ambaye ukimtaja mbele za watu anatamani ardhi immeze. Huyo mshike mkono pembeni.

Ukihamishiwa mradi mwingine, keti na anayekupokea umweleze kwa mdomo: nani asiulizwe hadharani, nani asikabidhiwe bomba la maji, nani apelekewe michoro mapema. Usiyaandike hayo kwenye ripoti ya makabidhiano, kwa kuwa mteja naye huisoma.