Jezi ya Kiungo na Mzigo wa Kifuani



Khalid Aucho alizaliwa mwaka 1993, na wengi wetu tumekua tukimwona katikati ya uwanja na timu ya taifa. Ni kiungo mkabaji. Kazi yake ni kukata mipira, kuziba nafasi, kumpa pasi mwenzake aliye karibu, kisha kurudi nyuma kabla kamera haijamwona. Alikuwemo katika Cranes waliokwenda Gabon mwaka 2017, fainali za kwanza za Afrika kwa Uganda tangu 1978, na alikuwemo tena Misri mwaka 2019. Kwenye vibanda vya mpira vya Kawempe hubishaniwa zaidi washambuliaji, lakini wazee wanaojua soka wanamtaja yeye.

Riziki yake ameitafuta mbali. Alipita Kenya, akachezea Tusker, halafu Gor Mahia iliyotwaa ubingwa wa mwaka 2015 bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Akaenda Afrika Kusini, Serbia, India na Misri. Mwaka 2021 akatua Dar es Salaam kwa Yanga, na katika miaka yake minne pale klabu ilichukua ubingwa wa Tanzania mara nne. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ilifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, na bado kombe likabaki kule kwa sababu ya mabao ya ugenini. Wenzangu wenye damu ya kijani na njano hawajapona hadi leo.

Sasa isome orodha hiyo tena kwa jicho la fiqhi. Tusker ni jina la bia. Yanga kifuani wana SportPesa, kampuni ya kubashiri matokeo. Ulevi na kamari, vitu viwili ambavyo Mwenyezi Mungu (s.w.) ameviweka pamoja katika aya ya 90 ya Suratul Maida, vimo katika njia ya kazi ya kijana mmoja kutoka nchi yetu, naye hakuwa mlevi wala mcheza kamari kwa sababu ya kuvaa tu.

Baada ya darsa moja muhula huu, ndugu wa mwaka wa kwanza aliuliza: mshahara wa mchezaji kama huyo ni halali? Majibu yalikuja haraka mno. "Haramu, jamaa, aya iko wazi." Ni kweli aya iko wazi kuhusu kamari. Lakini ndugu yetu hakuuliza kuhusu kamari. Aliuliza kuhusu mtu anayekimbia kilomita kadhaa kila mechi huku mwajiri wake ameuza kifua cha shati lake kwa mtu wa tatu. Hilo ni swali jingine, na haraka yetu ya kulijibu ilinikera, maana elimu tunayosomea hapa ni ya kutofautisha mambo.

Wanaosema haramu wana hoja nzito, wala si ya kubeza. Katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) aliwataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe. Mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo mkamuaji, muuzaji, anayekula thamani yake, na yumo mbebaji. Ukifanya kiasi, utasema kifua cha mchezaji ni bega la mbebaji: yeye hachezi kamari, ila anaibeba mbele ya maelfu ya watu. Ongeza aya ya 2 ya sura ileile, inayokataza kusaidiana katika dhambi na uadui, na mlango unaonekana umefungwa.

Haujafungwa kabisa. Imamu Abu Hanifa aliulizwa juu ya hamali anayembebea pombe mtu asiye Muislamu, akaona ujira wake ni halali, kwa kuwa kubeba si dhambi kwa nafsi yake na maasi hutokea baadaye kwa hiari ya mnywaji. Wanafunzi wake wakubwa wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakukubaliana naye, wakauchukia ujira huo. Kwetu sisi tuliolelewa katika madhehebu ya Shafi, mfano mashuhuri ni wa kumuuzia zabibu mtengenezaji wa pombe: ukimshuku tu, ni makuruhu, ukijua kwa yakini kwamba atazikamua, ni haramu. Wanazuoni hawa wote walijua pombe ni haramu. Walichokuwa wakipima ni umbali kati ya mkono wa mtu na dhambi ya mwingine.

Tukiupima umbali wa Aucho tunapata nini? Fikirini dereva wa kamunye wa njia ya Wandegeya hadi Kawempe. Gari si lake. Mwenye gari amebandika tangazo la bia kwenye kioo cha nyuma. Dereva anaamka kabla ya Alfajiri, anapeleka watu sokoni Kalerwe, jioni analipwa. Sijasikia sheikh hata mmoja akisema nauli ile ni haramu. Alichouza dereva ni kazi yake, na kazi yenyewe ni safi. Kiungo naye ameuza miguu, mapafu na akili yake ya mchezo. Kwa hiyo nasema asili ya mshahara wake ni halali, na anayeuita wote haramu amevuka mpaka.

Ila mfano wangu una pengo, na nisipolionyesha mimi mtalionyesha ninyi. Hakuna mtoto wa Bwaise anayetaka kufanana na kioo cha kamunye. Kifua cha mchezaji kina bei kwa sababu kuna mchezaji anayependwa ndani yake. Mwaka 2022 SportPesa na Yanga walitia saini mkataba wa miaka mitatu wa zaidi ya shilingi bilioni 12 za Tanzania. Fedha hizo hazikununua kitambaa. Zilinunua mapenzi ya watu. Hamali wa Abu Hanifa alibeba mtungi uliofunikwa, mtungi usiomwita mtu. Tangazo kazi yake ni kuita. Hapo ndipo shubha inapoingia, na sioni namna ya kuiondoa kwa maneno matamu.

Watu huwaleta Wafaransa katika mjadala huu. Paul Pogba, kiungo aliyezaliwa mwaka uleule wa 1993, Muislamu wa wazazi kutoka Guinea, alikaa mbele ya waandishi wa habari Juni 2021 baada ya mechi ya Ufaransa na Ujerumani, akaikuta chupa ya Heineken mezani, akaiondoa akaiweka chini. Chupa yenyewe ilikuwa ya bia isiyo na kileo, na wengi walimcheka kwa hilo. Mimi nadhani alielewa vizuri kuliko waliomcheka, kwamba chupa ile iliwekwa pale ili jina lionekane. Miaka mingi kabla yake Frédéric Kanouté, mshambuliaji mzaliwa wa Ufaransa aliyechagua kuichezea Mali, alikataa awali kuvaa jezi ya Sevilla yenye jina la kampuni ya kamari ya 888.com. Huyu ndiye aliyetoa fedha zake mwaka 2007 kuukomboa msikiti wa Sevilla usiuzwe.

"Kama hao waliweza, kwa nini wa kwetu wasiweze?" Kwa sababu hawakuanzia mahali pamoja. Pogba alipoisogeza chupa ile alikuwa bingwa wa dunia aliyefunga bao katika fainali ya 2018, aliyenunuliwa na Manchester United kwa bei iliyovunja rekodi ya dunia mwaka 2016. Nani angemfukuza? Kijana wa Kiganda anayevuka mpaka wa Busia na begi moja kwenda kutafuta timu Kenya hana sauti ya kuwaambia wenye klabu jezi yao iandikwe nini. Mtume (s.a.w.) alitupangia ngazi za kubadilisha uovu: mkono, ulimi, kisha moyo, kila mtu kwa uwezo wake. Uwezo huo haubaki mahali pamoja katika maisha ya mchezaji. Akiwa na miaka 20 na hana jina, labda moyo ndio alio nao. Akiwa na miaka 30, nahodha, mashabiki wanaimba jina lake, ulimi umeshafunguka. Kila mkataba mpya ni swali jipya. Aucho aliwaambia nini waajiri wake faraghani si jambo letu kulipekua, na Uislamu unatutaka tumdhanie mwenzetu mema.

Tena tusijidanganye kwamba hili ni la Waislamu peke yetu. Hispania ilipiga marufuku matangazo ya kamari kwenye jezi kuanzia msimu wa 2021/22. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana Aprili 2023 kuyaondoa kifuani baada ya msimu wa 2025/26. Hawakusoma Suratul Maida. Waliona vijana wao wanavyoteketea.

Nasi tunawaona wa kwetu. Tembea Bombo Road jioni ya Jumamosi, kutoka Bwaise kupanda Kawempe, uhesabu vyumba vya kubeti. Vingine viko mlango kwa mlango na kibanda cha mpira, ukitoka huku unaingia kule. Sheria ya nchi ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Nusu ya vijana unaowaona mle hawajafika umri huo, na wengine nimekaa nao darasani. Kijana mmoja ninayemfahamu, mwendesha boda, alikuwa akilipa pikipiki kidogo kidogo kila wiki. Wiki alipokuwa na pungufu alienda kutafuta la kujazia kwenye mkeka, kama ndugu zetu wa Dar wanavyoita tikiti ile. Sasa pikipiki hana, na deni analo. Hakuanza kwa sababu ya jezi, nakubali. Lakini nilipomuuliza ni kampuni gani alikuwa akichezea, alitaja jina, na sababu ya kuichagua ilikuwa kwamba ndiyo ya timu yake.

Hapa ndipo nafikiri swali la ndugu wa mwaka wa kwanza limeelekezwa kwa mtu asiye sahihi. Mchezaji ana mkataba, ana familia, kazi yake ni halali na tangazo amebandikwa. Shabiki je? Hakuna aliyemlazimisha. Yeye anatoa fedha zake, bei ya chakula cha wiki nzima pale Wandegeya, anunue shati la kuitangazia kamari bure, kisha analivaa Ijumaa na kusimama nalo safu ya pili, jina la kampuni likimtazama anayesali mbele yake akigeuka kutoa salamu. Mtume (s.a.w.) aliwahi kulirudisha vazi alilopewa zawadi kwa kuwa nakshi zake zilimshughulisha katika sala, na zile zilikuwa nakshi tu. Ile rukhsa ya anayehangaikia riziki haimfikii shabiki hata kwa mbali. Ajabu ni kwamba tunamhoji anayelipwa, na anayelipa tunamsalimia.

Msinielewe kwamba naukataa mpira. Hapa hapa Kawempe, shule ya Kawempe Muslim imewapa mabinti wengi elimu kupitia soka, na Juliet Nalukenge alitoka pale akaenda kucheza Cyprus. Wapo wadogo zake uwanjani sasa hivi. Siku moja watawekewa mezani karatasi ya kusaini, na ningependa wajue mapema kwamba mtu anaweza kuuliza: "Kifuani mtaandika nini?" Kuuliza tu, hata kama jibu litakuwa "chukua au acha". Kocha au wakala Muislamu anayeona aibu kuuliza hivyo kwa niaba ya binti anayemwakilisha amepungukiwa kitu.

Kamati yetu ya michezo nayo ina karatasi yake. Kampuni moja ya kubeti, sitaitaja, imejitolea kutupatia jezi za timu zote nane za mashindano yetu ya muhula ujao, pamoja na mipira na nyavu. Baadhi ya wanakamati wanasema tuchukue, tuzibe jina kwa plasta. Wengine wanasema hata wakubwa wanachukua. Nimewaandikia kwamba sisi si kijana wa Busia mwenye begi moja. Hatuna njaa, hatuna mkataba unaotubana, na jezi si sharti la mpira kuchezwa. Kwa plasta, kampuni ingetudai picha, nasi tungekuwa tumekula thamani tukavunja na ahadi juu yake.

Nimeuliza bei za fulana zisizo na maandishi kule mjini Owino. Timu nane, wachezaji kumi na watano kila moja, ni fulana 120. Kila mwanachama akitoa bei ya rolex mbili, zinapatikana, na namba tutachora wenyewe kwa rangi. Dada Mweka Hazina ameshaanza kupokea michango. Wa chumba cha chini pale msikitini wamuone baada ya Isha.