Nani Anayetanua Dirisha?

Nafasiri hati za mahakama, na kazi hiyo haifanyiki bila kuona maandishi mawili kwa pamoja: asili kushoto, tafsiri kulia. Nikitanua dirisha la tafsiri hadi likajaa skrini, asili inafunikwa. Hapo ndipo makosa huingia, kwa sababu sentensi yangu ikibaki peke yake huanza kunipendeza.

Ndiyo maana natumia KDE Plasma, mazingira ya eneokazi ya Linux. Humo kitufe kilekile cha kutanua kina kazi tatu: ukikibonyeza kwa upande wa kushoto wa kipanya, dirisha hujaa pande zote; kwa kitufe cha kati, hurefuka juu na chini tu; kwa upande wa kulia, hupanuka kwa mapana. Utaratibu huo nao hubadilishwa kwenye mipangilio. Mimi nimeubadilisha: mbonyezo wa kawaida hurefusha tu, na hati zangu mbili hubaki bega kwa bega.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo la mafundi. Mimi naliona ni suala la nia. Chukua mfano wa Mwislamu anayesali: hutazama mahali anapoweka paji la uso akisujudu. Anapunguza mwenyewe anachokiona, akijua amesimama mbele ya nani. Angefungwa kitambaa machoni na mtu mwingine asingeona chochote cha kumshughulisha, lakini hiyo isingekuwa khushuu, yaani unyenyekevu wa moyo katika sala. Vivyo hivyo skrini iliyojaa dirisha moja: utulivu wake una thamani pale mtumiaji alipoutaka.

Watengenezaji wa programu hutuamulia mengi. Mwaka 2011, GNOME 3, mazingira mengine ya Linux, ilitoka bila kitufe cha kutanua. Mtu alitakiwa kubonyeza upau wa juu mara mbili au kuliburuta dirisha hadi ukingoni. Mwaka 2014, katika OS X Yosemite, mfumo wa kompyuta za Mac, Apple ilikipa kitufe cha kijani cha dirisha kazi ya kujaza skrini nzima, hata menyu ikafichika. Kazi yake ya zamani ya kutanua dirisha ikabaki kwa anayekibonyeza huku akishikilia kitufe cha Option. Siwalaumu kwa kuchagua, kwani lazima programu ianze na hali fulani. Ila watu wengi huishi na hali hiyo ya mwanzo maisha yote, wakidhani kompyuta ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo wewe unayemfundisha mtu kompyuta, shuleni au nyumbani, usianze na kuandika barua. Mfungulie mipangilio kwanza, mwonyeshe kinachobadilika, kisha mwache achague mwenyewe.