Mgeni Katika Jiko la Wenyewe

Siku hizi si ajabu kumkuta mtu wa Moshi au wa Nairobi amenuia kuwapikia jamaa zake chakula cha Kigiriki siku ya Jumapili: paja la mwana-kondoo lililookwa pamoja na viazi ulaya, malimau, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Hajapata kukipika tangu kuzaliwa kwake. Maelezo ameyapata, nyama ameinunua kwa bei ya kuumiza, na wageni wamekwisha kualikwa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo nje laonekana kuwa la jikoni tu, nasi twadhani sivyo: je, anayo ruhusa ya kukigeuza chakula hicho apendavyo, kisha akawaambia watu kwamba wamekula chakula cha Wagiriki?

Wengi watatucheka. Watasema: nyama ni yake, sufuria ni yake, makaa ni yake; akitia bizari na pilipili za kuwasha, amemdhulumu nani? Hoja hiyo ina nguvu, wala hatupendi kuipita upesi. Ni kweli kwamba hakuiba kitu. Tena Wagiriki wenyewe wanacho chakula cha kondoo kiitwacho kleftiko, yaani cha wezi. Husimuliwa kwamba wanyang'anyi wa milimani, zamani za utawala wa Waturuki, waliiba kondoo, wakaifukia nyama shimoni pamoja na makaa na kuziba juu kabisa, moshi usije ukawafichua. Kwa hiyo atakaye kufundisha haki ya mali kwa njia ya paja la kondoo na ajihadhari kidogo.

Walakini kosa tunalolihofia si la wizi. Ni la ushuhuda. Asemaye mezani, "Hiki ni chakula cha Kigiriki," amesema neno juu ya watu ambao hawapo na hawawezi kujitetea. Walaji wakikunja uso, watasema kwamba Wagiriki hawajui kupika. Wakifurahi, watawasifu Wagiriki kwa bizari iliyotiwa na mwenyeji wao kwa hofu. Kwa vyovyote viwili watu wale wamesemewa lisilo lao. Sisi tunaujua uchungu wa jambo hilo. Mgeni aliyeonjeshwa ugali usioiva, akaenda zake kwao kueleza kwamba Waafrika hula unga mbichi, hakutuibia hata senti moja. Hata hivyo nani kati yetu atasema hakutukosea?

Katika nchi yetu habari hii ina uzito wa pekee. Wagiriki walikuwa miongoni mwa walowezi waliolima katani pande za Tanga na Morogoro, na wengine kahawa karibu na Kilimanjaro. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi ya katani yalitaifishwa, na wengi wao wakaondoka. Mfanyakazi alimjua Mgiriki kama mwenye shamba, wakati wa kuhesabu matita na siku ya mshahara. Kuketi naye mezani lilikuwa jambo jingine. Basi chakula hiki cha Jumapili chaweza kuwa mara ya kwanza kwa jamaa nzima kusikia habari ya watu hao pasipo kutajiwa katani. Yafaa wasikie ya kweli.

Hapo mtu wa elimu atainuka na kutuuliza: Kigiriki kipi? Homer, mtunzi wa tenzi za kale za Wayunani, asimulia jinsi Achilles alivyowapokea wajumbe wa mfalme Agamemnon. Shujaa huyo, naye yumo katika hasira kubwa, alikata kwa mkono wake mwenyewe nyama ya kondoo, ya mbuzi na ya nguruwe, nayo ikachomwa juu ya makaa na kutiwa chumvi. Hapakuwa na limau wala kiazi. Viazi asili yake ni Amerika, na Ugiriki vilihimizwa na Ioannis Kapodistrias, mtawala wa kwanza wa nchi hiyo ilipojikomboa, aliyeshika madaraka mwaka 1828 hata alipouawa mwaka 1831. Husimuliwa kwamba watu walivikataa viazi vyake. Ndipo akaamuru vilundikwe na kulindwa na askari, nao askari wakaagizwa wafumbe macho. Watu walipoona ulinzi walidhani ni mali ya thamani, wakaja usiku kuviiba. (Wezi tena!) Baadaye akatokea mpishi Nikolaos Tselementes, aliyefariki mwaka 1958, akaingiza siagi na michuzi ya Kifaransa katika mapishi ya nchi yake, na jina lake likawa neno la Kigiriki lenye maana ya kitabu cha mapishi. Basi ikiwa wenyewe wamegeuza namna hiyo, kwa nini mtu wa Moshi azuiwe?

Twajibu kwamba wenyewe waligeuza wakijua walichokigeuza. Aliyelelewa na chakula fulani ajua kwamba ukali wa limau hukata uzito wa mafuta ya kondoo, na kwamba viazi vinavyokaa chini ya nyama vinangojea kunywa maji yake. Apikaye mara ya kwanza hayajui hayo. Asomapo kwamba malimau ni mawili, adhani mwandishi amekosea. Asipoona pilipili za kuwasha, adhani zimesahauliwa. Hofu yake huita upungufu kile ambacho kwa wenyewe ndiyo ladha. Hatusemi kwamba maelezo ya mapishi ni matakatifu. Kisa cha viazi chatosha kutuonyesha kwamba sivyo. Twasema tu kwamba asiyejua chakula kikoje hajapata bado haki ya kukitengeneza.

Lugha yetu yatusaidia hapa. Kwa Kigiriki neno xenos lina maana ya mtu wa mbali asiyejulikana, na pia mtu akaribishwaye nyumbani; na ukarimu huitwa filoksenia, yaani kumpenda huyo xenos. Kiswahili nacho kwa neno moja, mgeni, chasema yote mawili, kisha chaongeza la tatu: aliye mpya katika kazi ni mgeni wa kazi. Mpishi wetu ni mwenyeji mezani, lakini jikoni ni mgeni. Na mgeni mwenye adabu, aingiapo nyumba ya watu, haanzi kwa kuhamisha viti. Hukaa pale alipoonyeshwa, akatazama.

Lakini adabu hiyo haimtaki awe mtumwa wa karatasi. Ni nyumba ngapi zenye tanuri? Asiye nalo na atumie sufuria nzito: atie mafuta, kitunguu saumu, maji ya limau na maji kidogo, azibe ukingo wa mfuniko kwa unga uliokandwa, apalie makaa juu na kuacha machache chini, kisha awe na subira ya saa tatu au zaidi. Wale wanyang'anyi wa milimani hawakuwa na tanuri pia. Kubadili chombo si kubadili neno. Hali kadhalika, mafuta ya zeituni yakimshinda kwa bei, na atumie aliyo nayo. Oregano isipopatikana, na aiache. Ila aseme hivyo mezani pasipo kuona haya. Kusema, "Kinakosa hiki na hiki," hakuharibu karamu, bali humpa kila mlaji nafasi ya kupima.

Tumepata kusikia pia habari za walioangukia upande wa pili: mtu akope fedha ili apate jibini la Kigiriki, wageni wakae na njaa hadi jioni kwa sababu nyama haijafikia rangi iliyoandikwa. Huko ni kumheshimu Mgiriki aliye mbali kwa kumdharau jirani aliye karibu. Hata suala la kondoo mwenyewe latakiwa kuulizwa kabla ya mwaliko. Zamani wanawake wa Buganda walikatazwa kula nyama ya kondoo, na wapo watu mahali pengi ambao hata leo harufu yake huwashinda. Kumtegea mgeni wa namna hiyo paja zima mbele yake, ati kwa ajili ya uaminifu wa mapishi, ni ukatili.

Tena kipo kitoweo kimoja ambacho mpishi wetu hawezi kukipata sokoni. Wagiriki wa Kanisa la Kiorthodoksi hujinyima nyama, mayai na maziwa katika Kwaresima Kuu yote. Usiku wa Pasaka, wakitoka kanisani, hunywa supu ya matumbo na maini ya mwana-kondoo, na kulipokucha mwana-kondoo mwenyewe huzungushwa motoni penye ua. Chakula kile kimeungwa kwa njaa ya wiki saba. Aliyekula kuku Jumamosi hataonja walichoonja wao, hata akifuata maelezo nukta kwa nukta, na ni vizuri alijue hilo kabla hajajisifu.

Akiisha kupika mara moja na kuonja, mambo yawe mengine. Mara ya pili na atie pilipili zake akipenda, maana sasa ajua zinafunika nini. Na chakula hicho akiite kondoo wa Kigiriki wa Moshi, jina ambalo halimsingizii mtu. Na siku ile ya kwanza, bibi mzaa baba akiuliza kama mchuzi ule waliwa na ugali, aambiwe kwa heshima kwamba Wagiriki huuchovya kwa mkate, kisha aletewe ugali wake.